Migongo ya Mawe

2 Aprili, Alhamisi

Leo nimekabidhiwa brashi. Baba ameitoa chini ya mto wake kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino. Amelala chali, mguu wa kulia juu ya mito miwili, plasta kutoka kifundoni hadi juu ya goti. Tangu ateleze kwenye mawe ya mtoni wiki tatu zilizopita, hatoki chumbani ila kwa kubebwa. Watembeaji wataanza kuja Juni, na kabla ya hapo kila alama ya njia, kuanzia darajani kwetu hadi mgongoni mwa mlima, lazima ipakwe upya: mstari wa manjano juu ya jiwe, upana wa vidole vinne, urefu wa kiganja. Kazi hii ameifanya peke yake miaka ishirini na miwili.

"Kwanza unalisugua kwa brashi ya waya mpaka jiwe lione haya," ameniambia. "Unafuta vumbi. Halafu unasubiri likauke. Hapo kwenye kusubiri ndipo wenye digrii hushindwa."

Nimeuliza kama nipake na nyuma ya mawe. Amesema hapana. Wageni hulala kwetu, hupanda asubuhi, huvuka mlima na kushukia mji wa upande wa pili, ambako basi huwachukua. Hakuna anayeshuka huku.

"Paka kama mtu anayepanda. Nyuma ya jiwe ni mali ya mvua."

3 Aprili

Mvua. Kopo halijafunguliwa.

5 Aprili, Jumapili

Mawe kumi na mawili, yote ya hapa chini ambapo njia inafuata mto. Kutoka jiwe la saba kijiji kizima kinaonekana: mapaa ishirini na kitu ya bati, mto umeyazunguka kama mkono, moshi wa jikoni kwa Mama Wageni, mwenye nyumba ya kulala watembeaji. Wageni hupiga picha pale pale kila mwaka. Nadhani tumo katika maelfu ya simu za watu wasiotujua.

Mama Wageni amekuja jioni na chupa ya chai kumjulia hali Baba.

"Mzee, nasikia umempa mtoto kazi yako na bado hujafa."

"Nimemwazima."

"Na mistari yake?"

"Imepinda," amesema Baba, ambaye hajaona hata mmoja.

Wamecheka. Akiwa na Mama Wageni, Baba hucheka. Kwangu hutoa maagizo.

7 Aprili

Leo nimeandika jina la Dada kwenye vumbi la jiwe kabla ya kulifuta. Ujinga. Nina miaka ishirini na minne.

Niweke hapa mambo yalivyokuwa, kwa sababu nyumbani hayasemwi. Miaka sita iliyopita, mwezi kama huu, Mama aliugua. Mto ulikuwa umefurika, daraja limefungwa, barabara imekatika. Dada alisema tumfunge kwenye machela tuvuke naye mlimani, twende hospitali ya upande wa pili kwa kupitia kivuko cha juu. Baba alisema tusubiri maji yapungue. Tulisubiri siku mbili. Asubuhi ya tatu maji yalikuwa yamepungua na Mama alikuwa ameshakufa.

Baada ya maziko Dada alisimama mlangoni mwa chumba hiki ninamoandika, akamwambia Baba mbele ya watu: "Unawachorea wageni njia. Ya mkeo uliikosa." Kisha akachukua begi lake la shule akapanda mlima. Hakurudi. Anafundisha upande ule, mwendo wa siku moja kwa miguu, na ingekuwa sawa tu kama angekuwa mwezini.

Baba hajawahi kulitaja jina lake. Niliondoka kwenda chuo nikiamini ana moyo wa jiwe. Nimerudi baada ya miaka minne na bado sijaona sababu ya kubadili mawazo.

8 Aprili

Mvua. Baba ameuliza mara tatu kama nimefunga kopo la rangi vizuri.

11 Aprili, Jumamosi

Nimefanya jambo na limezaa.

Baba alipovunjika mguu nilimwandikia Dada barua, nikamkabidhi dereva wa basi kabla barabara haijakatika. Leo nimepanda hadi kwenye mwamba wa juu, mahali pekee penye mtandao, nikainua simu kama mtu anayeomba. Ujumbe ukaingia:

"Profesa, barua nimeipata. Nakuja kumwona. Barabara imekatika kwa hiyo napita juu, mlimani. Jumamosi tarehe 25, nikifunga shule. Usinipokee kwa kilio."

Profesa ni mimi. Aliniita hivyo nikiwa na miaka minane kwa sababu nilikuwa nasoma hata makaratasi ya kufungia sabuni.

Nimekaa mwambani nikausoma mpaka chaji ikabaki kidogo. Nimeujibu kwa neno moja, "Njoo," kwa sababu mengine yote yalikuwa kilio.

12 Aprili

Nimemwambia Baba. Nilingoja amalize uji.

"Dada anakuja. Jumamosi ya tarehe ishirini na tano."

Ameangalia ukuta.

"Baba, umenisikia?"

"Plasta haijaingia masikioni."

"Anapita juu."

Hapo amenigeukia upesi mno, mguu ukamuuma, akafumba macho. "Nani kamwambia apite juu? Mwambie angoje barabara."

"Hutaki aje?"

"Nimesema angoje barabara."

Nimetoka na bakuli lake nikaliosha kwa muda mrefu kuliko bakuli lolote lilivyowahi kuoshwa. Kungoja! Agizo lile lile.

14 Aprili

Radi imepiga mnara wa simu. Hata mwambani hakuna kitu. Baba ameuliza kama nilimwandikia tena. Nimesema hapana. Ameuliza tena baada ya saa moja, kana kwamba jibu lingekuwa limekua.

16 Aprili, Alhamisi



Leo nimefika sehemu ya juu. Kufikia tarehe hizi ningekuwa nimefika mbali zaidi, lakini mvua imenila siku. Kule juu njia ni mbili. Ya zamani, tuliyopita tukiwa watoto, ilikatwa na maporomoko miaka minne iliyopita: kipande cha mlima kilishuka mtoni usiku mmoja na kuacha ukuta mtupu wa udongo mwekundu. Mwaka huo huo Baba alihamisha alama, njia mpya ikazunguka kupitia msitu wa misonobari. Mimi nilikuwa chuoni. Dada alikuwa ameshaondoka. Yeye anajua ile ya zamani tu, na hilo lilinitia wasiwasi kidogo, si sana. Nilijiambia nitaiziba kwa matawi kwenye njia panda.

Nimepaka mawe tisa juu ya njia panda, kisha ukungu ukashuka. Si ukungu wa kuandikia mashairi. Nilikuwa siuoni mkono wangu. Nikaanza kurudi, na nilipoona mstari wa manjano nikafurahi, nikaufuata, nikaona wa pili, nikaufuata, wa tatu, wa nne. Nilikuwa natembea haraka, nawaza chai. Kwenye jiwe moja nilisimama kufunga kamba ya kiatu, na nilipoinama nikaona kwamba rangi ile haikuwa yangu. Ilikuwa imefifia, manjano ya kiini cha yai lililochemshwa sana. Na ilikuwa nyuma ya jiwe, upande unaomtazama anayeshuka.

Hakuna alama nyuma ya mawe yetu. Hakuna anayeshuka huku.

Nilipiga hatua tatu zaidi, polepole. Jiwe la mwisho lilikuwa limekaa nusu juu ya udongo na nusu juu ya hewa, mstari wake umenyooka vizuri kabisa, na mbele yake palikuwa na sauti ya mto, mbali sana chini.

Nilirudi kwa magoti. Nilihesabu nikirudi. Mawe kumi na tisa.

17 Aprili

Sikulala vizuri. Asubuhi nimemletea Baba maji ya kunawa, nikakaa kwenye kigoda ambacho huwa sikikalii.

"Nani alipaka migongo ya mawe kule juu?"

Amenawa uso. Amejifuta. Amelikunja taulo mara nne.

"Uliyafuata?"

"Mpaka la mwisho."

Sijawahi kumwona mtu akizeeka mbele ya macho yangu. Alinishika kifundo cha mkono kama anayetafuta mapigo.

Kisha amesema. Nayaandika kama alivyoyasema, maana sitaki kuyapamba.

"Alipoondoka alipita kwenye mvua. Nikajua akirudi anaweza kukuta ukungu. Msimu ulipoisha, wageni wameondoka, nikapanda. Nikapaka kutoka mgongoni mwa mlima kushuka. Huku chini sikupaka, huku angejua hata akifumba macho. Nilipaka kila mwaka, miaka miwili. Halafu mlima ukaporomoka."

"Na ulipohamisha alama za mbele? Kwa nini hukufuta za nyuma?"

"Nilisema nitakwenda. Kila mwaka nilisema. Nilifika pale na brashi ya waya mkononi, mwanangu. Nikaona nikizifuta ni kama nimemfungia mlango. Na nikipaka mpya upande ule wa misonobari, basi mimi ni mzee anayempakia rangi mtu asiyekuja."

"Lakini zinaelekea shimoni, Baba!"

"Nilijua hatakuja," amesema. "Ndiyo maana haikuwa hatari."

Nimetaka kumpigia kelele. Nimetaka kumlaza kifuani. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nimesema nitaweka matawi.

"Atayaruka matawi. Watoto wa huku tumewafundisha kuruka matawi. Rangi ya baba yake ataifuata." Akaanza kuniorodheshea mawe yote kumi na tisa, moja moja, lenye ufa, lenye umbo la mkate, lile ambalo Mama alikuwa akipumzikia. Anayajua kama mtu anavyojua meno yake. "Yasugue yote. Kisha paka njia mpya, migongo."

Nilipokuwa natoka ameniita. "Na usubiri yakauke."

18 Aprili, Jumamosi

Daraja limefungwa. Injinia, ambaye hajasoma uinjinia wala kitu kingine chochote lakini ndiye anayelitunza daraja la waya, ameifunga minyororo pande zote mbili. Waya mmoja umelegea, maji yanagusa mbao.

"Injinia, nina siku saba."

"Mto hauna kalenda, binti."

"Nipitishe mimi peke yangu. Mimi ni mwepesi."

"Wewe mwepesi, ila kifo chako kitakuwa kizito kwangu. Kesho."

19 Aprili

Mvua. Kesho, anasema Injinia.

20 Aprili

Mvua. Nimeuliza kuhusu kivuko cha juu. Watu wote wawili niliowauliza wamenitazama kama waliotukanwa. Hakivukiki. Baba alisikia nikiuliza. Akasema kutoka chumbani, si kwa ukali: "Hata mwaka ule nilikwenda kukiangalia. Mara mbili. Hukuambiwa."

Sikuambiwa. Dada naye hakuambiwa.

21 Aprili

Kesho, anasema Injinia. Mimi sasa naelewa ni kitu gani kusimama ukingoni mwa maji, mtu wako yuko ng'ambo, na usiwe na la kufanya. Siku nne. Miaka sita nimemhukumu mtu kwa siku mbili.

22 Aprili, Jumatano

Nimevuka! Injinia ametangulia akijipima kwenye kila ubao, akipiga mluzi, akinitukana kwa upole. Mawe kumi na moja yamesuguliwa kabla mvua haijarudi. Rangi yake imeingia ndani, nikalazimika kutumia tindo. Chini ya manjano ya mwaka wa pili kuna manjano ya mwaka wa kwanza. Baba aliipaka kwa mkono mzito.

23 Aprili

Manne zaidi. Nimekata matawi pia, hata kama atayaruka. Vidole vimevimba. Baba amevitazama, akamwomba Mama Wageni mafuta ya kuchua, akasema ni ya mguu wake, kisha akaniachia chupa mlangoni.

24 Aprili

Mvua kutwa nzima. Yamebaki manne, na njia mpya haina hata mgongo mmoja. Baba hajala. Mimi pia.

25 Aprili, Jumamosi

Nilivuka daraja kabla jua halijatoka. Ukungu ule ule. Mawe matatu niliyamaliza. La mwisho, lile la ukingoni, sikulifikia. Udongo ulikuwa unameguka nikiukaribia, nikaliacha linyooshe mstari wake kwa mto. Nikarudi njia panda nikapaka migongo ya mawe matano ya njia mpya. Hayakukauka. Rangi ilikuwa inachuruzika kama pua ya mtoto. Basi nikaacha brashi nikasimama pale penyewe, katikati, nikawa alama mimi mwenyewe.

Nilisimama saa tatu. Nilianza kuimba ili anisikie, sauti ikakauka, nikawa nagonga kopo kwa nyundo. Nilifikiri: labda ameshapita. Nilifikiri: labda alipita nilipokuwa kwenye jiwe la kumi na nane na sasa yuko chini. Mambo mengine niliyoyafikiri sitayaandika.

"Ni nani huyo anayeua ndoo?"

Sauti kwanza. Kisha koti la bluu. Kisha uso wa Mama, kwa nukta moja, kisha uso wa Dada.

"Profesa! Mbona umekonda hivi? Na hiyo rangi kwenye nywele?"

Aliniambia nisimpokee kwa kilio. Nilijitahidi mpaka aliponishika kichwa.

Baadaye alitazama kushoto, kwenye njia ya zamani, mawe yenye madoa meupe ya tindo yakipotelea kwenye ukungu. Mkono wake ukatoka begani kwangu.

"Ni wewe umeyakwangua?"

"Ni mimi. Dada, yale yalikuwa yanaelekea..."

"Najua yalikokuwa yanaelekea."

Sikuelewa. Alikaa kwenye jiwe, akasugua goti, akaongea akiyatazama yale mawe.

"Mwaka juzi nilikuja. Mwezi wa kumi, wageni wameshaondoka. Nikakuta rangi nyuma ya mawe. Nikalia, mdogo wangu, nikashuka nalia kutoka kule juu kabisa, nikisema mzee kaniwekea njia. Hakukuwa na ukungu siku hiyo. Nikafuata mpaka mwisho. Nikaliona jiwe limening'inia, mstari wake mzuri unanionyesha shimo. Nikala mkate wangu pale. Nikasema, haya, amenijibu. Nikageuza."

"Hakuwa anakujibu! Alikuwa anakuita!" Nilimweleza yote, miaka, maporomoko, brashi ya waya aliyoshindwa kuitumia. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Usimwambie kwamba nilikuja."

"Lazima ajue."

"Nilishawahi kumwambia ukweli mmoja, mbele ya watu. Unatosha."

Tulishuka. Baba alikuwa ameketi mlangoni, kwenye kiti, mguu juu ya kigoda, amenyolewa ndevu. Mama Wageni alikuwa nyuma yake na wembe bado mkononi, akijifanya kutazama kuku.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Ukungu ulikuwa mzito?"

"Wa kawaida tu."

"Umepita kwenye misonobari?"

"Nimepita kwenye misonobari."

"Na ile ya zamani? Umeiona?"

"Nimeiona, Baba."

Akamtazama muda mrefu, kama anavyotazama jiwe kabla hajaamua pa kuweka mstari.

"Leo?"

Dada alichukua bakuli tupu lililokuwa mapajani mwa Baba, akalishika kwa mikono miwili.

"Leo," akasema.

26 Aprili

Anapika, anafagia, anakosoa jinsi nilivyopanga vyombo. Nyumba ina kelele. Nilikuwa nimesahau kwamba hutembea akikanyagia visigino.

Alipokwenda mtoni Baba ameniita, akanionyesha nifunge mlango.

"Alifika mpaka jiwe la ngapi?"

Ningeweza kusema sijui anachoulizia. Ningekuwa mtoto mzuri kwa wote wawili.

"La mwisho," nimesema. "Mwaka juzi."

Amegeukia ukuta. Mabega yake hayakutikisika. Nilikaa naye mpaka tuliposikia visigino uani.

27 Aprili

Mvua kidogo. Tumekula watatu.

29 Aprili, Jumatano

Amekwenda. Shule inafunguliwa Jumatatu na barabara bado. Amesema atakuja tena Agosti, na safari hii ataleta mito, maana ya kwetu ni aibu.

Tulimtoa Baba nje kwa magongo. Injinia alikuwa ameshafungua mnyororo, anasubiri ng'ambo. Dada alikuwa amevaa begi tayari. Baba akasema, mbele yangu na mbele ya Mama Wageni, kwa sauti ya kawaida:

"Tungeweza kumbeba. Ulisema kweli."

Dada alishika mikanda ya begi. "Kivuko kilikuwa kimejaa, Baba. Profesa ameniambia ulikwenda kukiangalia. Pengine angefia njiani."

"Pengine," akasema Baba. "Lakini angefia njiani, si akisubiri."

Dada aliinama akamwekea paji la uso begani, kwa muda wa pumzi chache, kisha akavuka.

Tumebaki uani tukimtazama. Koti la bluu lilipita jiwe la saba, likapita kona ya kwanza, ya pili, likawa dogo kama kifungo, kisha msitu ukalimeza. Nilitaka kuingia ndani kabla sijaanza kulia.

"Unamwona wapi?" akauliza Baba, ambaye macho yake hayafiki mbali tena.

"Simwoni. Ameshapotea."

"Subiri," amesema. Ameegemea gongo, mkono mwingine umenishika. "Kona ya tatu huwa wanaonekana tena."

Nimesubiri.